Wamefunga laini ya mama, na picha zake zimebaki kwenye barua pepe yake

Mama alifariki mwaka juzi, masika yakiisha. Wiki chache baada ya arobaini nikaenda ofisi ya kampuni ya simu, nina cheti cha kifo cha RITA na kitambulisho changu. Nilitaka tu kuuliza utaratibu wa pesa zilizobaki kwenye simu yake. Dada wa kaunta hata hakuinua macho: "Mwenye laini aje mwenyewe aweke kidole."

Nikamwambia mwenye laini tumeshamzika. Akarudia kwa sauti ya juu, foleni nzima ikageuka. Aweke kidole! Mama yangu!

Nikamsogezea cheti. Akakisoma, akabonyezabonyeza kompyuta, akasema, "Tayari, nimeifunga." Hakuniuliza kama nataka ifungwe. Kuhusu pesa, niende Mahakama ya Mwanzo nikateuliwe msimamizi wa mirathi. Hilo sina ugomvi nalo, ndiyo sheria, na pesa tulizipata. Lakini barua pepe ya mama ilikuwa ikituma namba za uthibitisho kwenye laini ile ile. Picha za harusi ya mdogo wangu, za shamba, za mama akicheka na majirani, zote zimo kwenye akaunti hiyo ya barua pepe, na bila namba hizo hatuwezi kuingia.

Nilipoanza kuandika hapa nilitaka yule dada afukuzwe kazi. Sasa nawaza labda kufunga laini ndivyo alivyofundishwa. Hapana. Kumfokea mfiwa hakufundishwa na mtu.

Akaunti yangu mwenyewe iko Google, na kule kuna sehemu ya kupanga haya ungali hai. Unachagua: akaunti ikikaa bila kutumika miezi 3, 6, 12 au 18, watu uliowataja, hadi 10, wanajulishwa na kupata kile ulichoruhusu tu. Nilimaliza kabla chai haijapoa. Naipa nyota tano, ingawa inahusu akaunti hiyo peke yake. Laini ya simu haigusi, kwa hiyo msiwahi kupeleka cheti kaunta kabla hamjajua namba za uthibitisho za marehemu zinaingia wapi. Mimi niliwahi.

Dada yangu nimeshamwekea. Baba mdogo amekataa, anasema namchuria. Jumapili narudi kwake tena.