Metallica, Death Magnetic: nyimbo tamu, sauti imechomwa

Nimengoja hasira ipoe kwanza ndipo niandike, imekataa kupoa. Basi tusomane hivyo hivyo.

Albamu ni Death Magnetic ya Metallica, ile ya Septemba 2008. Si mpya, najua. Ila juzijuzi tulikuwa tumekaa wachache, wapenzi wa roki tunaojuana hapa Nairobi, mbele ya sinia la nyama choma, ukaanza ule ubishi wetu wa kila siku: bendi hii iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1981, ni albamu ipi ya utu uzima wao inayostahili kukaa meza moja na zile za ujana? Nikasema ingekuwa Death Magnetic, lau ingesikilizika. Jamaa mmoja, fulana yake nyeusi imefuliwa mpaka imegeuka kijivu, akanitazama juu hadi chini, akamaliza mfupa wake taratibu, akasema: "Dada, shida si albamu. Shida ni hizo spika zako za bei ya chini." Meza nzima ikacheka. Mwingine akadakia eti wanawake masikio yetu yamezoea nyimbo laini.

Haya. Mezani sikupewa nafasi ya kujibu, nitajibu hapa.

Albamu inaanza na mapigo ya moyo, madogo, ya mbali. Kisha gitaa moja linaingia peke yake kwa unyonge, nawe unajisogeza karibu na spika maana unajua kinachokuja. Hawa watu wamekuwa wakitufanyia hivi tangu miaka ya 80: wanakushusha chini ili wakurushe juu. Bendi nzima inaingia. Na hakuna kurushwa. Hakuna pa kurushwa, dari imeshushwa mpaka utosini. Dramu za Lars Ulrich, badala ya kugonga, zinakwaruza. Kila anapopiga kwa nguvu kuna kitu kidogo kinachanika pembeni ya pigo, krr, na ukishakisikia mara moja huwezi tena kutokisikia. Nimekisikia kwa hedfoni za kuazima ambazo bei yake inazidi kodi yangu ya nyumba. Nimekisikia kwenye redio ya mjomba, ile yenye spika za mbao ambayo watoto wakiikaribia tu wanafokewa. Nimekisikia ndani ya gari la watu. Krr iko palepale, sekunde ileile.

Kwa hiyo kaka, spika zangu ziache.

Kwa ambao hawajui haya mambo: sauti ina vilele na mabonde. Fundi wa studio anaweza kuyabinya mabonde yapande, halafu akainua kila kitu mpaka vilele vinagonga mwisho wa kile CD inachoweza kubeba. Kilele kikigonga kinakatwa, na kikishakatwa hakirudi hata ununue spika za milioni. Ukipunguza sauti unapata mkwaruzo uleule, ila wa chinichini. Wanafanya hivyo ili wimbo wao ukipigwa baada ya wimbo wa mwingine usionekane mnyonge. Matokeo yake ni makanga anayekupigia kelele ya "beba, beba!" sikioni wakati umeshakaa, umeshalipa nauli na gari liko katikati ya barabara kuu. Nimeingia tayari, ndugu yangu. Nyamaza kidogo niione safari.

Na haya si ya kwangu peke yangu. CD hiyo ilipopimwa kwa programu za kupima nafasi iliyopo kati ya sauti ndogo na sauti kubwa, ilipata alama ya 3, na namba ikiwa ndogo maana yake nafasi karibu haipo. Tatu! Wakati huohuo nyimbo zilezile zilitoka kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero, na humo zinapumua, kwa sababu watengenezaji wa mchezo walipewa vipande vya sauti kabla havijakandamizwa. Mashabiki wakaanza kurekodi kutoka kwenye mchezo wa kubonyeza vitufe vya rangi ili wapate kuisikia vizuri bendi ya watu wazima wanaolipwa mamilioni. Ukiwaza hilo kwa utulivu unaweza kuvunja kikombe.

Ted Jensen, ambaye jina lake ndilo lililoandikwa kwenye kazi ya mwisho kabla ya CD kuchapwa, alisema mwenyewe kwamba nyimbo zilimfikia zikiwa zimeshabinywa, na kwamba hakuwa na fahari na kazi hiyo. Maelfu ya mashabiki wakatia sahihi wakiomba albamu itengenezwe upya. Lars alipoulizwa akasema sauti haina tatizo lolote, ameisikiliza garini mwake ikamkuna sana. Garini mwake! Mimi ningekuwa na gari la Lars, hata mlango ukifungwa tu ungenikuna.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hawa wana rekodi. Mwaka 1988 walitoa ...And Justice for All, nyimbo za ajabu, na besi ya Jason Newsted wakaizika mpaka leo watu wanaitafuta. Kijana wa watu ndiyo kwanza ameshika nafasi ya Cliff Burton, aliyekufa kwenye ajali ya basi lao kule Sweden mwaka 1986, na zawadi ya kumkaribisha ikawa kumfuta. Mwaka 2003 wakaja na St. Anger, dramu inalia debe tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na Kirk Hammett, mpiga gitaa wao, hakuruhusiwa solo hata moja, yaani gitaa lake kutamba peke yake. Halafu 2008 hii. Mara ya kwanza unasema bahati mbaya. Mara ya tatu unaanza kujiuliza kama wanatupenda.

Niwasimulie na la dukani, maana ndilo lililonitia moto kabla hata ya huyo wa nyama choma. Nilikwenda mtaa wa Luthuli kutafuta spika, na kwa kawaida mimi nikienda kununua spika nabeba CD hii makusudi. Ni mtihani: spika nzuri inakuonyesha ubovu wote, spika ya kudanganya inauficha ndani ya besi. Nimeingia duka moja, kijana nyuma ya kaunta hakuniangalia hata nilipomsalimia. Nikamwomba aniwekee wimbo wa tatu. Gitaa likaanza, dramu zikafuata, na kabla James Hetfield hajafungua kinywa yule kijana karuka kitini. "Toa hiyo kitu, utaniulia spika!" Akaichomoa CD kwa vidole viwili, kidole gumba katikati kabisa ya upande unaong'aa, akanirudishia huku ameshikilia hivyohivyo, alama ya mafuta ya chipsi imebaki inametameta. Nikamwuliza kwa upole, spika inayouawa na CD halali ni spika gani? "Madam, huu si muziki, hii ni vita. Wacha nikuwekee rhumba."

Akaweka Franco na TPOK Jazz.

Wacheni niseme ukweli ulionichoma. Ile rhumba, ya mtu aliyefariki mwaka 1989, ilijaa dukani bila kumkanyaga mtu. Gitaa moja huku, jingine kule, besi inatembea kwa miguu yake, waimbaji wanapokezana na katikati ya sauti na sauti kuna hewa. Hata mama aliyekuja kununua rimoti alianza kutikisa bega. Nilisimama pale na CD yangu yenye alama ya kidole nikajiona mjinga wa kutetea watu wenye studio bora kuliko zote duniani. Sikununua spika. Yule kijana hana adabu na duka lake sirudi, kidole chake bado nakiona. Lakini kwa suala la kusikia alikuwa na masikio kuliko yule mwenye fulana.

Sasa mtaniuliza, kama ni mbovu hivyo mbona unaibeba kila mahali? Hapo ndipo penye maumivu. Kama zingekuwa nyimbo mbovu ningeshaitupa.

Rick Rubin, prodyuza, alichukua kazi mikononi mwa Bob Rock, aliyekaa nao tangu ile albamu yao ya 1991 inayoitwa "nyeusi" kwa jalada lake, na akawaambia wajikumbuke walivyokuwa siku za Master of Puppets, albamu yao ya 1986, waache kuona haya kufanya kile wanachokijua. Na walikumbuka. Kirk karudishiwa solo zake na anazipiga kwa pupa, utadhani amefunguliwa kutoka kifungoni. Robert Trujillo, hii ndiyo albamu yake ya kwanza kurekodi nao, na besi yake ikipata nafasi, mathalani mwanzoni mwa Cyanide, inaunguruma mpaka kwenye kifua. The Day That Never Comes inaanza kwa gitaa safi la huzuni, Hetfield anaimba chini, halafu katikati kuna mahali wimbo unageuka shingo, na kuanzia hapo hadi mwisho magitaa mawili yanafukuzana bila maneno kabisa. Hapo huwa sijibu simu. All Nightmare Long ndiyo bora kuliko zote na atakayebisha aje na hoja, asije na habari za spika.

Wenzangu hugawanyika. Wapo wanaosema ni ndefu mno, nyimbo 10 katika dakika karibu 75, ambapo wimbo mfupi kuliko zote una dakika 5. Hapo sina la kuwajibu, kweli kuna sehemu wanarudia rifu moja, kile kipande kimoja cha gitaa, mpaka unakumbuka umeacha nguo kwenye kamba. Wapo wanaoona The Unforgiven III haikuhitajika, kwamba wimbo wa kwanza wa 1991 ulitosha, wa pili ulisukumwa, wa tatu ni uchoyo. Mimi ile piano ya mwanzoni naipenda, ila naelewa. Suicide & Redemption, karibu dakika 10 bila neno hata moja, wengi wanairuka. Mimi siiruki, napikia nayo. Wale vijana wadogo wanasema niende kwa albamu zao za baadaye, Hardwired... to Self-Destruct ya 2016 au 72 Seasons ya 2023, sauti yake ni nafuu. Nimekwenda. Sauti ni nafuu kweli. Lakini nusu ya nyimbo zake zikiisha siwezi kukuimbia hata kibwagizo kimoja, na hizi za 2008 nazijua hadi pale Lars anapovuta pumzi.

Ndiyo maana mtu akiniambia "spika zako" natamani kupindua meza. Anadhani nachukia albamu. Naichukia kama unavyomchukia mtu wa nyumbani aliyekuja harusini na shati lisilopigwa pasi. Mwaka 2011, wakisherehekea miaka 30 ya bendi, walitoa nyimbo nne zilizobaki kutoka kazi hii, Beyond Magnetic, zikiwa bado hazijang'arishwa. Hazijang'arishwa! Na kwa masikio yangu zinapumua vizuri kuliko dada zake zilizokwenda saluni. Sasa hapo utasema nini?

Niliyekuwa naye karibu pale mezani, rafiki wa siku nyingi, alijaribu kuniliwaza kwamba hata hivyo ilishika namba moja Marekani wiki ya kwanza, ikapata na Grammy. Ndiyo, My Apocalypse, wimbo wa mwisho, ilishinda tuzo ya muziki wa metali, na jalada nalo likapata yake. Jalada silibishii. Kaburi jeupe lenye umbo la jeneza, chembe za chuma zimejipanga pembeni kufuata sumaku, na kijitabu kimetobolewa katikati hivi kwamba ukifunua kurasa unazidi kuingia shimoni. Nalitazama na kusema kumbe kuna mtu kwenye hii kazi aliyejali. Kwa nini hakupewa na vifaa vya studio?

Ushauri wangu: usiinunue CD ya 2008. Au inunue kwa ajili ya kijitabu, uiweke kabatini, halafu utafute mtu mwenye ile sauti ya mchezoni. Hapana, sikiliza zote mbili, ili siku ukiambiwa ni spika zako uwe na la kusema. Na kama hedfoni ndiyo kwanza umezinunua, anza na sauti ya chini, masikio nayo hayana vipuri.

Nyota nilikuwa nimeweka mbili. Nimeiwasha wakati naandika, imefika All Nightmare Long, shingo ikaanza kutikisika bila ruhusa yangu, nikafuta nikaweka nne. Halafu Cyanide, dramu, krr. Tatu basi, na moja kati ya hizo ni ya Guitar Hero.