Shoo za live au za santuri? Redio za zamani Marekani

Wapenzi wa redio za zamani hawaishi kubishana hili: shoo bora ni ile ya live, inayopigwa moja kwa moja hewani, au ile iliyorekodiwa kwenye santuri? Tuanze na gharama, hapo live iliumiza kweli, maana NBC na CBS, kampuni kubwa za redio zenye mitandao ya stesheni, miaka ya 1930 zilikuwa hazitaki santuri hewani kwenye mitandao yao, kwa hiyo bendi nzima na wachekeshaji wanapiga shoo New York kwa watu wa mashariki, halafu masaa matatu baadaye, kwa tofauti ya saa, wanairudia yote kwa watu wa magharibi. Stesheni ndogo ingelipa wapi? Yenyewe iliwekewa santuri za inchi 16, upande mmoja dakika kama 15, basi.

Kwa uhakika santuri inashinda, mtu akikosea mnarudia. Ila sauti, aah, live ilikuwa safi zaidi! Mwimbaji Bing Crosby alipoenda ABC, mtandao mwingine wa redio, 1946 shoo yake ikawa inarekodiwa, kuhariri ni kunakili santuri kwenda santuri mpaka sauti inachakaa, ndo 1947 wakahamia tepu.

Kama unapenda kusikia ukumbi ukicheka na msanii akibabaika, tafuta za live, japo hata hizo zimetufikia kwa sababu kuna mtu alizirekodi. Kama unaendesha karedio kadogo na wasanii huna, rekodi zitakufaa zaidi.