Ampu niliirudisha, spika nimebaki nazo

Huu ni mwezi wa nne nasikiliza spika hizi hapa Pasua, Moshi. Ni mbili, ndogo, za kuweka juu ya meza, zilizotumika, nilizinunua shilingi 450,000 na sijutii. Niliyoirudisha ni ampu mpya, yaani kikuza sauti, iliyokuja nazo, na nilibaki kidogo tu niilipie 380,000 nyingine.

Dukani ilinikamata. Muuzaji aliweka wimbo kwenye ampu ya kawaida, akahamia ile mpya, na papo hapo gitaa likasogea mbele, besi ikajaa. Nikaomba nikae nayo wiki moja, akakubali.

Nyumbani nikaiweka kando ya ampu yangu ya zamani, na fundi redio jirani yetu akaja na mita yake. Tukapiga mlio mmoja wa hezi 100, voliumu nusu kwenye zote mbili, akapima kwenye waya za spika. Ya zamani volti 2.0, mpya 2.3. Kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, hiyo ni 1 na kidogo tu, na kwa tofauti ndogo hivyo sikio halikwambii sauti imeongezeka. Linakwambia muziki ni safi zaidi. Watafiti wa Marekani Fletcher na Munson walishaonyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikishuka, besi ndiyo inayotupotea kwanza. Ukiipandisha kidogo besi inarudi, nawe unaisifu ampu.

Fundi akazishusha zote zikawa 2.0. Akatengeneza swichi ya kuhamisha spika, akihakikisha ampu mbili hazigusani hata kwa nukta moja, maana zingeungua. Tukatundika kanga mbele ya meza. Mpwa wangu akawa anarusha shilingi, anahamisha swichi, ananiuliza, "Ipi hii, mjomba?" Raundi 16. Nilipata 9, na kwa kubahatisha tu mtu hupata kama 8. Ningepata angalau 12 ndipo ningeanza kusema nasikia tofauti. Kesho yake asubuhi, masikio yamepumzika, nikapata 7. Iliniuma, kwa sababu dukani niliisikia kabisa.

Spika ni habari nyingine. Tukizishindanisha na sabufa ya zamani, hata mke wangu akiwa jikoni anajua ipi inalia. Kwenye kwaya namfuata mama mmoja wa sauti ya pili mpaka mwisho wa ubeti. Kwenye dansi la zamani nasikia kidole kikiteleza juu ya waya wa gitaa kabla noti haijatoka. Vitu hivyo vilikuwemo kwenye nyimbo zangu miaka yote, nami sikuwahi kuvisikia.

Ila wiki ya kwanza zilivuma vibaya. Nilikuwa nimezibana kwenye kona, na kona huikuza besi. Nikazivuta sentimita 60 kutoka ukutani, nikaziinua mpaka vile vispika vya ndani vya sauti nyembamba vikalingana na masikio yangu nikiwa kwenye kochi. Sakafu yetu ni marumaru tupu, ukipiga kofi ukuta unakujibu, basi hela ya ampu ikaishia kwenye zulia na mapazia mazito. Mabadiliko hayo mpwa wangu aliyasikia akiwa mlangoni, kabla hajavua viatu.

Kasoro ni kwamba besi ya chini kabisa hazifiki, na anayependa mdundo wa kutikisa madirisha hatazipenda. Mimi zinanitosha. Masika ikianza kugonga bati nazizima, nasubiri ipite.