Pampu ya upepo kwa gari-nyumba: tazama mdomo wa mpira kwanza, PSI baadaye

Tangu niandike kuhusu Coaster za kulala, meseji nyingi zinazoingia si za jiko wala choo. Ni za tairi. Na nyingi zinatoka kwa watu waliokwisha kununua pampu, tena ya bei mbaya.

Msomaji mmoja wa Morogoro aliishiwa upepo katikati ya Mikumi, kwenye barabara kuu inayokatiza hifadhi. Nyuma kushoto, kwenye tairi mbili zilizopakana, ni lile la ndani. Pampu anayo, bado inanukia dukani, na boksi limeandikwa "PSI 150", yaani kipimo cha msukumo wa upepo, kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Umeme upo, mota inanguruma, mpira umefika. Kilichomshinda ni mdomo wa mpira, kile kipande cha mwisho kinachokaa kwenye valvu. Chake kilikuwa cha kufunga kwa kuzungusha, na valvu ya tairi la ndani imejificha nyuma ya rimu ya nje, mahali ambapo vidole viwili vinaingia kwa kuparuzwa na havina pa kuzungukia. Ikabidi asubiri lori lisimame na utingo ashuke na vifaa vyake. Ng'ambo ya barabara tembo wanakula.

Basi leo tupange pampu, lakini kwa kipimo changu. Habari za taa ya LED, begi la kubebea na skrini ya rangi kamuulize muuzaji, ndiyo anayoyajua.

Gari-nyumba zetu huku nyingi ni Coaster au Canter iliyong'olewa viti, ikawekwa kitanda, tangi la maji na sola juu. Maana yake nyuma kuna dabo, tairi mbili mbili kila upande. Tairi sita ziko chini na mbili kati ya hizo huzioni ukizunguka gari asubuhi na kikombe chako cha chai. Tairi moja la dabo likipungua upepo, jirani yake anabeba mzigo wote kimyakimya. Gari halilali upande, usukani hauvuti, na wewe unaendelea na safari. Lile legevu linajikunja kila mzunguko, linapata joto, mbavu zake zinasuguana na za mwenzake. Ukija kusikia harufu ya mpira, umeshapoteza yote mawili, na yapo yanayowaka moto kabisa. Ndiyo maana pampu isiyofika tairi la ndani mimi siihesabu kuwa pampu ya gari-nyumba, hata ikiwa na nguvu za kuinua nyumba yenyewe. Tatizo lake haliishii siku ya pancha. Kila asubuhi usiyoweza kupima tairi la ndani, hutalipima, na pancha ndogo ya msumari itakula tairi mbili.

Kinachotakiwa ni mdomo wa malori. Ukiwahi kusimama kwa fundi wa pancha wa barabara kuu umeuona: bomba la chuma lenye urefu wa shubiri au zaidi, na mwishoni vichwa viwili vilivyopeana mgongo. Kimoja ni cha kusukuma, kingine cha kuvuta, kwa hiyo valvu ikikutazama au ikikupa kisogo unaifikia. Unapitisha bomba kwenye tundu la rimu ya nje, unapapasa mpaka uisikie valvu, unabana, upepo unaingia. Mkono wako unabaki nje. Kinauzwa Gerezani, Dar es Salaam, kwa wauza spea za malori, na fundi yeyote wa kompresa atakubadilishia mwisho wa mpira mradi uzi wake unalingana. Nenda na mpira wako mkononi, usiende kukisia.

Watakushauri ununue viendelezo vya valvu, vile vya mpira vinavyotoka ndani na kufungwa kwenye rimu ya nje. Vya chuma kigumu navivumilia. Vya mpira vinapasuka kwa joto na mtikisiko, na barabara ya Iringa kwenda Tungamalenga ina matuta madogo ya kutosha kulegeza hata meno. Kiendelezo kikivuja, umejinunulia pancha kwa hela yako.

Ya kwanza: Viair 400P-RV

Nina upendeleo na siufichi. Viair ni kampuni ya Marekani, na herufi RV kwenye jina, yaani gari-nyumba kwa Kiingereza, zina maana kwamba kuna mtu alikaa akafikiria gari kama letu. Inakuja na mdomo mrefu uliopinda, wa kupenya mahali ambapo mkono haufiki. Mpira wake ukiungwa unafika futi 60, zaidi ya mita 18, wakati Coaster ndefu ina mita 7 hivi. Hii si anasa. Betri ziko mahali pamoja, lakini tairi lenye pancha, kwa kawaida ya dunia, liko kona ya mbali kabisa.

Umeme inauchukua moja kwa moja kwenye betri kwa klipu, si kwenye tundu la sigara. Tundu la sigara la magari mengi lina fyuzi ya ampea 15, na pampu ya kujaza tairi la namna hii inakula mpaka ampea 30. Pampu yoyote inayoridhika na tundu la sigara imeshakwambia uwezo wake. Udhaifu wa 400P-RV ni kwamba ikifika PSI 100 inatakiwa kufanya kazi theluthi moja tu ya muda, inayobaki ipumzike. Ukiwa na haraka au una tairi kadhaa za kujaza, ndugu yake 450P-RV ndiye mvumilivu: kwa PSI hiyohiyo anaweza kwenda bila kupumzika, ingawa upepo wake kwa dakika ni mdogo kidogo. Kama hela ipo, chukua 450. Mimi ningechukua 400 na kunywa chai inapopoa.

Hapa niseme jambo la volti, maana limeunguza pampu za watu. Coaster nyingi za dizeli zilizotoka Japani ni za volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zimeungwa mfululizo. Pampu hizi ni za volti 12. Ukibandika klipu moja kwenye betri hii na nyingine kwenye betri ile, umeipa mara mbili, na moshi utauona kabla hujauliza. Klipu zote mbili zikae kwenye betri moja, chanya na hasi ya betri ileile, ile ambayo hasi yake imeungwa kwenye bodi. Usifanye hivyo kila siku, kwa sababu betri moja itachoka kuliko mwenzake. Njia nzuri zaidi ni betri ya nyumba, ile ya sola inayowasha taa na friji. Nyingi ni za volti 12, na kwa mpira mrefu kama huu haijalishi imefichwa chini ya kitanda gani.

Ya pili: ARB

Waaustralia hawa wanajua vumbi. Zipo za volti 24 za kufunga kabisa ndani ya gari, na kwa mwenye Coaster hilo linaondoa hadithi yote niliyomaliza sasa hivi. Ile yenye mota mbili ni mnyama, inasukuma zaidi ya lita 170 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Ya kubeba mkononi ina mpira wa mita 6, ambao kwa Land Cruiser unatosha na kubaki, lakini kwa Coaster unafika tairi la nyuma na kuishia hapo, ukiomba Mungu kona isiwe na jiwe.

Sasa kwa nini ni ya pili? Mdomo. Hizi zimefikiriwa kwa ajili ya Land Cruiser, tairi moja kila kona, unapunguza upepo kwenye mchanga na kuurudisha ukitoka. Kwa kazi hiyo sina neno. Kwa dabo utalazimika kutafuta mdomo wa malori mwenyewe. Kama gari lako la kulala ni Land Cruiser yenye hema juu, geuza orodha yangu, ARB iwe ya kwanza.

Isiyouzwa dukani: tangi la breki

Kama nyumba yako imejengwa juu ya lori lenye breki za upepo, tayari una kompresa nzuri kuliko zote nilizotaja, inazungushwa na injini, na umeilipia siku uliyonunua gari. Fundi wa breki akuwekee kiungio na koki kwenye tangi, ununue mpira mrefu na mdomo wa malori, basi. Msomaji mmoja wa Mbeya alikuwa tayari kuagiza pampu kutoka nje kwa ajili ya Fuso yake. Hela hiyo nilimwambia anunue tairi la akiba jipya. Coaster na Canter nyingi ndogo zina breki za mafuta, kwa hiyo usianze kufungua mabomba bila kuuliza.

Zinazofuata, kwa haraka

Zile za Kichina za mota mbili zilizojaa kila duka la vifaa vya gari: zinajaza, zinapata moto kama pasi, na mdomo wake ni ule wa kuzungusha. Ukibadilisha mdomo na usiivuke dakika kumi bila kuipumzisha, itakufikisha. Za kuchaji kama simu ni za baiskeli na gari dogo kama IST. Pampu ya mguu, kwa tairi linalotaka zaidi ya PSI 70, ni zoezi la mapaja.

Kinachoniudhi si kwamba vitu ni ghali. Mzigo unatoka mbali, kodi ipo, ajenti wa mizigo naye ana watoto wa kusomesha. Kinachoniudhi ni duka linalokataa kufungua boksi. Nimesimama kwenye kaunta moja hapa Arusha nikiomba kuona mdomo wa mpira tu, kijana ananijibu "hiyo orijino dada, haifunguliwi", na stika ya jina imebandikwa kwa kupinda mpaka unaona gundi. Nikauliza volti ngapi, akasoma PSI. Nikauliza ina mpira mita ngapi, akasoma PSI tena. Aliposikia ni ya gari la safari, bei ikahamia kwenye dola. Kisha kuna mchezo wa kukuuzia pampu bila mdomo unaofaa, halafu mdomo wenyewe uwe umening'inia ukutani nyuma ya muuzaji, kama kitu cha pekee chenye bei yake ya pekee, wakati kwa wauza spea za malori mtaa wa pili ni bei ya chakula cha mchana. Mwambie akuletee pampu mpaka kwenye gari lako, aijaribu kwenye tairi la ndani. Akikataa, ondoka. Akikubali lakini akianza na tairi la mbele, ondoka pia.

Pamoja na hayo yote, kuna tairi usilotakiwa kulijaza hata ukiwa na pampu yangu ya kwanza. Kama rimu yako ni ile ya ringi, vipande viwili, na tairi limetembea likiwa halina upepo, usilipe upepo likiwa hapo kwenye gari. Ringi inaweza kuwa imetoka kwenye njia yake, na ikiruka kwa PSI 80 inaua. Mafundi wenye akili wanalifungua, wanakagua ringi, wanalijaza wakiwa wamelizungushia mnyororo au limelazwa kifudifudi chini ya gari, ringi ikitazama ardhi. Wewe funga la akiba, lile bovu lipeleke kwa fundi.

Na barabara ya Mto wa Mbu kwenda Engaresero na Wasso, yenye mawe ya volkano, pampu haikusaidii kwa kila kitu. Yale mawe hayatoboi, yanachana ubavu, na ubavu ukichanika hakuna cha kujaza. Beba tairi za akiba mbili huko. Ruaha na Tarangire beba pia shati la mikono mirefu la rangi isiyo ya bluu wala nyeusi, maana mbung'o wanapenda rangi hizo na wanapenda zaidi mtu aliyeinama kwenye jeki asiyeweza kujipiga mgongoni.

Ya mwisho kabisa: dawa ya kopo

Ile povu ya kupuliza kwenye valvu. Inaziba tundu dogo la msumari kwenye kashata, pale tairi linapokanyaga barabara, kwa tairi lisilo na tyubu, hapo haidanganyi. Lakini kopo moja kwa tairi la Coaster ni tone, na kama una tyubu usijisumbue. Usipoitoa mapema inaganda ndani, na fundi wa pancha atakutoza kuosha ile gundi kabla hajaanza hata kutafuta tundu. Ana haki.