"Maji lazima yaingie, mama": kioo cha mbele cha Beetle yangu na fundi aliyekiharibu

"Maji lazima yaingie, mama. Gari lenyewe la zamani."

Nimejibiwa hivyo na mtu mzima, fundi wa vioo, mbele ya wateja wengine, huku mkononi nimeshika zulia la gari langu linalochuruzika maji. Hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. Imepita miezi kadhaa, na kila nikilikumbuka jibu lile damu inanichemka upya. Kwa hiyo mtanisamehe nikianza na hasira kabla ya maelezo.

Gari ni Volkswagen Beetle ya 1967, ya marehemu baba. Kioo cha mbele kilikuwa na ufa ulioanzia pembeni ukatambaa mpaka katikati, na raba zinazoshika vioo vya mbele na nyuma zilishakauka, ukizibonyeza kwa kucha zinameguka. Nikanunua kioo kipya cha mbele, raba mbili, na zile nikeli nyembamba, yaani pambo linalong'aa, zinazokaa ndani ya raba kuzunguka kioo. Nilinunua mwenyewe kwa sababu gereji ilitaka kunipa kioo bapa cha Beetle za miaka ya nyuma zaidi. Niliwaeleza kwamba kuanzia modeli ya 1965 madirisha yaliongezwa ukubwa na kioo cha mbele kikapewa mkunjo kidogo. Nikaambiwa "Beetle ni Beetle." Ningeondoka siku ileile.

Sikuondoka, kwa sababu nilikuwa nimeelekezwa pale kwa sifa nyingi, na kweli nilikuta magari yamepanga foleni. Lakini yote yalikuwa ya kisasa. Gari la kisasa kioo chake kinabandikwa kwenye bodi kwa gundi. La zamani kama langu halina gundi hata tone: raba inashika kioo, raba hiyohiyo inashika bati, kazi imekwisha. Mtu anaweza kubandika vioo kumi kwa siku na asijue kuvisha kimoja.

Raba yenyewe ina mifereji. Mmoja unameza ukingo wa kioo, mwingine unakaa kwenye ukingo wa bati, na mmoja mwembamba kwa nje ni wa nikeli. Unaivisha raba kwenye kioo kikiwa mezani. Nikeli unaiingiza palepale mezani, kioo hakijasogea popote. Halafu unazungusha kamba kwenye mfereji wa bati, ncha zake zikipishana chini katikati, unapaka maji ya sabuni, unakiegemeza kioo kwenye nafasi yake. Mmoja anakandamiza kwa viganja kutoka nje, mwingine yuko ndani anavuta kamba taratibu, na mdomo wa raba unajikunjua juu ya bati kidogo kidogo mpaka umezunguka wote. Nayajua haya kwa sababu nilimvutia baba kamba nikiwa mtoto, nimepiga magoti kwenye kiti cha mbele, naye nje ananiambia "polepole, polepole, hapo kwenye kona subiri."

Fundi mkubwa hakuja na kamba. Alikuja na bisibisi.

Nilisema. Nilisema kwa adabu kabisa, "Samahani fundi, nikeli inatangulia, kioo kikishakaa kwenye gari haitaingia." Akasema, "Mama, mimi nafunga vioo tangu wewe hujajua kushika usukani." Watu wakacheka. Nikanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kunakoniuma kuliko yote.

Akavisha raba. Akaona upande wa chini inalegea kidogo. Raba mpya hulegea hivyo, unaisukumia kwenye kona na kuigawa sawasawa mpaka ulegevu unaisha. Yeye akachomoa kisu akaikata. Ile raba inakuja ikiwa mzunguko mmoja usio na kiungo, hilo ndilo ninalolilipia mimi ninaponunua raba ya gari hili! Akaondoa kipande cha urefu wa kidole changu, akaivuta mpaka ncha zikakutana, akaunga kwa gundi ya haraka. Raba ukiivuta inataka kurudi. Hata mtoto aliyetengeneza manati anajua. Na ikirudi, kiungo kinaachama.

Kisha ndiyo bisibisi ikaanza kazi. Alikuwa anaupachua mdomo wa raba juu ya bati kwa ile ncha bapa, na pale kona ya chini upande wa dereva ikateleza. Niliusikia mkwaruzo kabla sijauona. Rangi ikabanduka kiasi cha punje ya mahindi, bati likabaki uchi, jeupe linang'aa. Akalifunika na raba akaendelea. Kioo kutopasuka ni bahati tu, maana kioo cha mbele ni tabaka mbili zenye utando wa plastiki katikati, na ukikibana ukingoni kwa chuma ufa unaanzia hapohapo.

Nikeli ikakataa kuingia, kama nilivyomwambia. Akailazimisha. Ina mikunjo miwili mpaka leo, naiona kila ninapofungua mlango. Na palipobaki wazi akajaza silikoni, ile inayonuka siki. Harufu ile si ya bure: silikoni ya aina hiyo ikikauka inatoa asidi ya siki, na asidi hiyo inakula chuma. Yaani amelichubua bati mwenyewe, halafu akalipaka kitu kinacholila.

Nilipofika hapa kwenye kuandika nilikuwa nimeshaamua: nyota moja, msiende. Lakini nitakuwa mwongo nisiposema habari za kioo cha nyuma.

Fundi mkubwa aliitwa kwenye gari jingine, akamwachia kijana wake. Kijana hakusema neno. Alikwenda akarudi na beseni la maji ya moto, akaitumbukiza raba ya nyuma ilainike. Akavua saa, akavua pete. Akatandika blanketi juu ya boneti ya injini, maana injini ya Beetle iko nyuma. Nikamuuliza pete ya nini, akasema, "Hiki cha nyuma si kama cha mbele, mama. Ukigonga ukingo wake na chuma kinamwagika chote." Ni kweli. Kioo kile kilipashwa moto mkali kikapozwa ghafla, usoni ni kigumu sana, ila ukingoni pigo dogo linaweza kukigeuza punje tupu. Kijana wa umri ule anajua, na mkubwa wake anatembea na bisibisi!

Akapitisha kidole kwenye ukingo wote wa bati akitafuta kutu. Akakuta madoa mawili, akayasugua kwa msasa, akapaka rangi ya kuzuia kutu, tukasubiri ikauke. Akavisha raba, akaingiza nikeli kwenye kioo kikiwa juu ya blanketi, akazungusha kamba ya nailoni. Halafu akaniuliza, "Nani atanivutia?" Nikaingia mwenyewe kiti cha nyuma. Viganja vyake viko nje vinapigapiga kioo taratibu, nami ninavuta. Kamba inatoka na povu la sabuni, mdomo wa raba unajilaza juu ya bati kwa mlio mdogo laini, kona ya kwanza, kona ya pili. Kwenye kona akaniambia, "Subiri hapo, mama." Maneno ya baba. Machozi yalinitoka, na sioni sababu ya kuficha.

Mvua zimepiga na kupita, nyuma hapajaingia tone. Na nyuma ndipo penye betri, iko chini ya kiti, kwa hiyo nashukuru mara mbili.

Basi nikasema moyoni, labda niwape nyota tatu. Labda niwaambie watu waende ila wamuulizie kijana. Kisha nikakumbuka mvua ya kwanza kubwa iliponyesha, maji yakapitia kwenye kile kiungo cha raba, yakashuka nyuma ya dashibodi mpaka miguuni, na anayeijua Beetle anajua sakafu yake inavyoogopa maji. Nikarudi gerejini. Ndipo nikapewa lile jibu. Na baada ya jibu fundi mkubwa akataka nilipie silikoni nyingine. Na baada ya hapo, nikiwa bado nimesimama na zulia langu, akamgeukia kijana akamfokea kwamba anapoteza muda na magari mabovu.

Gari bovu ni lipi? Lile alilofunga kijana ni kavu. Sehemu iliyoharibika ni ile aliyoishika yeye. Uzee wa gari si sababu ya maji kuingia. Lilikaa miongo na miongo na raba yake bila kulowa, mpaka raba ikafa. Maji yanaingia kwa sababu mtu alikata mpira usiotakiwa kukatwa, na hakuwa na uungwana wa kusema "nimekosea, lete nirudie." Ningemsamehe. Nasema kweli, ningemsamehe palepale.

Kwa hiyo hapana, msiende. Nafuta zile tatu.

Juzijuzi kijana alikuja kwangu siku yake ya mapumziko. Tulikitoa kioo cha mbele pamoja, tukikata ile raba kwa kisu kutoka nje ili kioo kitoke bila kulazimishwa. Chini ya silikoni, pale kona ya dereva, ile punje ya mahindi ilikuwa imeshakuwa doa la kutu upana wa kiganja, na rangi ya pembeni yake imeinuka kama gamba. Amelisugua mpaka bati likawa jeupe, amepaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Gari limefunikwa turubai sasa, halina kioo mbele. Raba nimeagiza nyingine. Kamba anayo yeye, na kioo kikiwa tayari mimi ndiye nitakayevuta.