Unga wa kuotesha mizizi: nilivyoutumia kwa bogenvilia zangu Njoro

Nina kitalu kidogo cha maua hapa Njoro, upande wa barabara ya kwenda Mau Narok. Wateja huulizia bogenvilia kuliko ua lolote, na ndiyo iliyokuwa ikinitia hasara, maana vijiti vyake vingi nilivyokata na kuchomeka vilikauka kabla ya kushika mizizi. Mwezi wa Machi nikashuka Nakuru mjini, nikanunua mkebe wa unga wa homoni.

Kwenye mkebe kumeandikwa IBA asilimia 0.3. Hiyo ni aina ya oksini, homoni ya ukuaji wa mimea. Mmea wenyewe hutengeneza oksini kwenye ncha za matawi na majani machanga, kisha huteremka. Ukikata tawi, inafika kwenye kidonda na kukosa njia, inarundikana hapo, na seli zilizo karibu na mishipa zinaanza kugawanyika na kugeuka mizizi. Kwa hiyo jani moja au mawili yaachwe juu. Nami miaka yote nilikuwa nikinyoa majani yote! Unga unaongezea tu kile ambacho tawi linacho, na IBA hudumu kuliko oksini ya asili ambayo huharibika upesi.

Kundi la kwanza nililiua mwenyewe. Muuzaji aliniambia nisifanye uchoyo, nikapaka kama muuza maembe anavyopaka pilipili. Wiki ya pili vitako vya vijiti, yaani ncha za chini nilizopaka, vyote vilikuwa vyeusi. Oksini ikizidi huunguza, na hata kipandikizi kikiokoka, machipukizi yake huchelewa.

Mara ya pili nilimimina unga kidogo kwenye kifuniko (ukichovya vijiti vyenye maji ndani ya mkebe, unga wote unaharibika), nikagusisha kitako, nikakung'uta. Vijiti 20 vyenye unga, 20 bila, vyote kwenye mchanga wa mto chini ya nailoni, kwa sababu tawi lisilo na mizizi haliwezi kurudisha maji yanayopotea kwenye majani. Baridi ya usiku wa Njoro ilichelewesha mambo. Wiki ya nane nilivifukua: 13 vya unga vilikuwa na mizizi, mingi, imezunguka kitako pande zote. Vya bila unga 6, vingine na uzi mmoja tu umening'inia upande.

Kwa rozmari sikuona tofauti yoyote, ile hushika hata ukiichomeka kwa hasira. Usipoteze unga wako huko.

Malalamiko yangu: maandishi ya mkebe ni madogo mno, na tarehe ya kuisha ilikuwa imefutika nusu. Mkebe unataka mahali pa baridi pasipo mwanga, nao dukani ulikuwa umeanikwa kwenye kioo cha mbele, juani.

Jirani yangu ameshakuja kuomba kijiko kimoja ajaribu vijiti vya avokado. Nimemnyima. Avokado ni mgumu sana kuota mizizi kwa tawi, aoteshe kokwa kisha apandikize juu yake kama watu wote.