Dhumna, karata au bao: ununue kipi cha barazani?

Kabla hujatoa pesa, hesabu wanaokuja kukaa nawe jioni, kisha angalia upepo wa hapo mnapokaa. Kwa hayo mawili nimeishia kuiweka dhumna juu ya karata, na najua kuna watakaonibishia.

1. Dhumna. Watu wanne, kete saba kwa kila mmoja, na zote zimekwisha gawiwa. Anayejua kuhesabu hadi sita anacheza leo hii. Upepo hauzipeperushi, na chai ikimwagika unazifuta mnaendelea. Dukani zimwage juu ya kaunta uzihesabu zifike 28. Mimi niliwahi kufika nyumbani na 27, na iliyokosekana ilikuwa sita-sita yenyewe. Halafu zigeuze migongo. Kete yenye mchubuko au rangi iliyofifia ikatae, maana baada ya wiki kila mtu ataijua ilipo. Chukua zilizo nene. Nyembamba hazistahimili kupigwa, na dhumna isiyopigwa mezani ina raha gani? Mwenye mtoto mchanga ndani atandike kipande cha zulia.

2. Karata. Zinakaa mfukoni, na mkiwa wawili au sita lasti kadi inachezeka. Nunua za plastiki. Za karatasi hukunjika pembe upesi, na ree ya shupaza iliyokunjika pembe haina siri tena. Ila barazani kusi likivuma mtazikimbiza mpaka kwa jirani.

3. Ludo. Ya nyumba yenye watoto. Tafuta ubao ambao nyuma una nyoka na ngazi, upate michezo miwili kwa bei moja, na ununue dadu ya akiba.

4. Keram. Tamu, lakini ubao ni mkubwa, unataka meza, taa na unga wa kutelezesha. Usinunue kabla hujapiga kete kadhaa hapo hapo dukani: zikipinda njia zenyewe, ubao umebonyea.

5. Bao. Nimeliweka mwisho kwa kuwa hapa tunatafuta chepesi, na bao si jepesi: mashimo 32, kete 64, na wazee wasiokusamehe. Anayeanza aanze na bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo. Mengi yanayopangwa kwenye maduka ya watalii ni ya kupamba ukuta: mashimo hayana kina, komwe zinaruka nje. Tia mkono shimoni. Vidole visipoingia vizuri, liache.

Drafti sikuipa namba kwa sababu sioni haja ya kuinunua. Chora miraba 64 kwenye ubao, okota vizibo 24 vya soda, 12 vitazame juu na 12 chini. Hata fundi viatu wa mtaani kwetu anacheza hivyo, na sijamfunga bado.